Injini Inalia

Katika daftari langu la utafiti, ukurasa wa 41, kuna ingizo ambalo msimamizi wangu alilipigia mstari na kuandika pembeni: "Safi sana." Ingizo lenyewe ni hili. Neno: ka-ka-ka. Aina: tanakali sauti. Mtoa taarifa: fundi pikipiki, mwanamume, zaidi ya miaka 60, Kolwezi. Maana: sauti ya injini. Rekodi: sekunde 23.

Pikipiki inayosikika katika rekodi hiyo ni ya kaka yangu mkubwa. Siku kumi na moja baada ya mimi kuirekodi, injini yake ilikufa barabarani. Nimelitumia ingizo hilo katika semina na nikapongezwa. Sijawahi kusema darasani nini kilifuata, na ndiyo sababu ya kuandika makala hii.

Nilirudi nyumbani Kolwezi mwezi Juni, baada ya mitihani. Kutoka Lubumbashi ni kilomita 300 hivi kwa njia ya Likasi, na basi letu lilitumia siku nzima nyuma ya malori ya migodi. Nilikuwa na kazi moja tu: kukusanya istilahi za mafundi pikipiki. Darasani tulikuwa tumesoma jinsi istilahi zinavyoundwa, kwa kutohoa, kwa kuunganisha maneno, kwa kupanua maana ya neno lililopo. Mifano mingi ilitoka Dar es Salaam, kwenye kamati na kamusi. Mimi nilitaka kuonyesha kwamba huku kwetu pia Kiswahili kimekuwa kikiziita mashine majina kwa miaka zaidi ya mia. Tangu Union Minière ilipoundwa mwaka 1906, watu wa lugha nyingi walikusanywa katika migodi na karakana za Katanga, na Kiswahili kikawa lugha ya kazi. Johannes Fabian aliandika kitabu kizima kuhusu jambo hilo, kilichochapishwa mwaka 1986. Leo Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa zinazotajwa na Katiba ya 2006. Lakini orodha ya vipuri vya pikipiki kwa Kiswahili cha Kolwezi sikuikuta maktabani. Nikaona hapo pana nafasi yangu.

Kaka yangu ni manseba. Ndivyo tunavyowaita madereva wa pikipiki za abiria, hapa na Lubumbashi, wakati Kinshasa wanaitwa wewa. Manseba ni neno la Kiluba cha Kasai, na maana yake ni mjomba, ndugu wa kiume wa mama. Nimewahi kuandika insha fupi kuhusu neno hilo: jinsi mji mzima unavyopanda nyuma ya mjomba, ukimwamini kwamba atafika. Yaya aliisoma akacheka. Akaniuliza kama mjomba huyo kwenye insha yangu analipiwa na nani petroli.

Yeye ndiye aliyekuwa akinilipia masomo. Baba alistaafu kazi ya mgodini bila akiba ya kutosha, mama anauza mihogo na samaki wakavu sokoni, na mimi ni wa nne kati ya watoto sita. Pikipiki ile, ya sentimita za ujazo 125, yaya aliinunua ikiwa tayari imetumika. Kila siku alifanya zaidi ya kilomita mia. Asubuhi alibeba wanafunzi na wauguzi kati ya Dilala na Manika. Mchana alibeba wachimbaji na magunia yao ya mawe mpaka Musompo, kwenye maghala ya wanunuzi wa shaba na kobalti. Jioni alirudi na vumbi jekundu mpaka kwenye kope.

Yaya ndiye aliyenipeleka kwa fundi wake. Tulimwita Muzee, kama wote walivyomwita. Gereji yake ilikuwa chini ya mwembe kando ya barabara, huko Manika: turubai moja, benchi moja, beseni la petroli la kuoshea vipuri, na sanduku la funguo alilolihamisha kutoka karakana ya mgodi alikojifunzia kazi akiwa kijana. Alinipa kibao cha kukalia. Aliniita "mama", kama wazee wa kwetu wanavyowaita hata wasichana wadogo wakitaka kuonyesha heshima, na alijibu maswali yangu yote bila kusimamisha mikono.

Wiki ya kwanza ilinipa furaha kubwa. Karibu kila kipuri kilikuwa na jina lililotoka katika Kifaransa na kukubali sheria za Kibantu. Chaîne ilikuwa shene. Soupape, yaani valvu, ilikuwa supape. Culasse, kichwa cha injini, kilase. Kubadilisha mafuta ya injini kuliitwa kufanya vidanje. Na kile kidude kidogo kinachokaza mnyororo wa ndani ya injini, tendeur, kiliitwa tandere. Kila mahali silabi wazi, kila mahali irabu mwishoni. Nilijaza kurasa. Niliandika: "utohozi wenye utaratibu kamili".

Nikafika mbali zaidi. Kwa kuwa Kiswahili sanifu hakina jina lililozoeleka la kidude hicho, nilibuni langu: kikaza mnyororo, kwa mfano wa kipaza sauti na kinasa sauti. Nikamwambia Muzee. Alilitamka mara mbili, taratibu, kama mtu anayeonja chumvi kwenye mchuzi.

"Ni jina muzuri, mama," akasema. "Lakini ku magazini utaomba nini?"

Nikaliandika jibu hilo pia, chini ya kichwa "mtazamo wa wazungumzaji".

Siku ya tano Muzee alikuwa na injini wazi kwenye benchi, akanieleza kazi ya tandere. Nitaeleza hapa kwa Kiswahili cha darasani, kwa sababu bila hilo yanayofuata hayataeleweka. Chini ya injini kuna krenki, inayozungushwa na pistoni ikipanda na kushuka. Juu, kichwani, kuna valvu mbili, moja ya kuingiza hewa na petroli, nyingine ya kutoa moshi. Valvu hizo hufunguliwa na kamshafti, na kamshafti huzungushwa na mnyororo mwembamba unaotoka chini kwenye krenki, ukipita katika handaki lililo kando ya silinda. Krenki ikizunguka mara mbili, kamshafti huzunguka mara moja. Hesabu hiyo haitakiwi kukosewa hata kwa jino moja, kwa sababu pistoni na valvu hupishana kwa nafasi ndogo sana, kila mmoja akingoja zamu yake.

Mnyororo, kadiri unavyotumika, huwa mrefu. Chuma chenyewe hakivutiki kama mpira. Zinazolika ni pini za viungo vyake, na viungo vingi vikilika kidogo kidogo, urefu huongezeka. Hapo ndipo tandere inapofanya kazi. Ni kijiti cha chuma ndani ya kikombe chake, kina springi nyuma na meno ya kukizuia kisirudi. Hukandamiza reli nyembamba iliyovikwa mpira, na reli hukandamiza mnyororo. Mnyororo ukiongezeka, kijiti husogea jino moja mbele. Ukiongezeka tena, kinasogea tena. Lakini kina mwisho wake. Springi huchoka, meno hulika, na siku moja kijiti kinaanza kurudi nyuma badala ya kusukuma. Mnyororo unalegea na kupiga kuta za handaki.

"Kama shene inakuwa murefu, tandere njo inaisukuma," alisema Muzee. "Inasukuma, inasukuma, mpaka inachoka. Pale moteri inaanza kulia. Asubuhi, wakati iko baridi, inalia ka-ka-ka, kisha inanyamaza. Siku yenye haitanyamaza, njo itakufa."

Nilimwomba arudie, kwa sababu sentensi ya mwisho ilikuwa na kitu nilichokitafuta kwa muda mrefu: yenye ikifanya kazi ya kirejeshi, mahali ambapo sanifu ingesema "siku ambayo haitanyamaza". Akarudia. Nikaiandika kama mfano namba 17.

Siku ile nilimuuliza pia kuhusu sauti nyingine, akanipa mfumo mzima. Supape zikiwa na nafasi kubwa kupita kiasi hulia ti-ti-ti, nyepesi, wakati wote, zikifuata mwendo wa injini. Tandere ikichoka hulia ka-ka-ka, hasa asubuhi na pale dereva anapoachia mafuta. Mkono wa pistoni ukilegea chini kwenye krenki hulia ko-ko-ko, kwa kishindo, pikipiki inapopanda mlima na mzigo. Mwanafunzi yeyote wa fonetiki ataona nilichokiona: irabu ya juu kwa sauti ndogo na nyembamba, irabu ya chini katikati, irabu ya nyuma kwa sauti nzito itokayo chini. Nilichora jedwali. Nilikumbuka kwamba istilahi ya ideofoni ililetwa mwaka 1935 na Clement Doke, mtu aliyeishi miaka kadhaa miongoni mwa Walamba, majirani zetu wa mpaka wa ukanda huuhuu wa shaba. Niliona kama nimeokota uzi ambao mwisho wake mwingine umeshikwa na bingwa mwenyewe. Usiku sikulala kwa furaha.

Siku tatu baadaye, saa kumi na mbili asubuhi, nilisikia ka-ka-ka uani kwetu.

Ilikuwa Julai. Kolwezi iko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Julai asubuhi kuna baridi ya kweli, pumzi zinaonekana. Yaya alikuwa amewasha pikipiki na kuiacha inguruме kwa mwendo wa chini, huku akipangusa kiti. Sauti ilikuwa kama ya mtu anayetikisa misumari kwenye kopo, upande wa kushoto wa silinda. Nilitoka mbio na simu mkononi, kitenge mabegani.

"Yaya, usizime kwanza!"

"Kuko nini?"

"Niko narekodi."

Hakuuliza zaidi. Aliheshimu sana masomo yangu, kuliko nilivyoyaheshimu mwenyewe. Alishika usukani kwa mikono miwili, akasimama wima bila kusogea, kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti, ili asiniharibie kazi. Niliinama nikasogeza simu karibu na injini. Ka-ka-ka-ka-ka. Kisha mafuta yakapanda, chuma kikapata joto, na sauti ikanyamaza, kama Muzee alivyosema. Nikabonyeza kitufe. Sekunde 23, mwanzo safi na mwisho safi, bila jogoo wala redio ya jirani.

"Iko muzuri?" akauliza.

"Iko muzuri sana, yaya."

Akatabasamu, akavaa kofia, akaenda kazini.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikumwambia. Nilikuwa nimeambiwa maana ya sauti ile siku tatu tu kabla, kwa lugha ninayoielewa tangu tumboni, na mtu anayejua kuliko wote mtaani. Sikuwa nimesahau. Ningeulizwa kwenye mtihani ningejibu vizuri. Lakini ndani ya kichwa changu maneno ya Muzee yalikuwa yamekwisha kuwa data. Nilipoyakumbuka, niliikumbuka yenye na kiambishi cha wakati ujao. Mfano namba 17 haukuwa unasema na mtu yeyote. Wala haukunijia kwamba unaweza kuwa unamsema kaka yangu.

Yaya naye hakuijua sauti hiyo? Aliisikia kila asubuhi, na huenda ndiyo sababu. Kitu kinachoanza kidogo kidogo sikio hukizoea. Na dereva hukaa juu ya injini inapopata joto, wakati tayari imenyamaza. Vidanje alikuwa akiichelewesha, si kwa uzembe. Kwa mwendo wa kilomita mia kwa siku, pikipiki hudai mafuta mapya karibu kila mwezi, na mwezi ule kulikuwa na nauli yangu ya kurudi chuoni ya kuwekwa kando. Mafuta yakichakaa, yakichanganyika na vumbi la kiangazi, pini za mnyororo hulika haraka zaidi. Ukiongeza magunia mawili ya mawe na mchimbaji mmoja juu yake, mlima kwa mlima, tandere haina siku nyingi.

Zipo injini zisizo na mnyororo huo. Muzee aliniambia baadaye, na nimelihakikisha: Honda ilipobuni CG125 katika miaka ya 1970, kwa ajili ya nchi ambako pikipiki hubebeshwa mizigo mizito na matengenezo huchelewa, ilitumia fimbo za kusukuma valvu badala ya mnyororo. Wahandisi wale walikuwa wamesikiliza kwanza namna watu wanavyoishi, ndipo wakachora. Lakini ya yaya haikuwa ya aina hiyo.

Siku ya kumi na moja simu iliita saa tisa alasiri. Yaya alikuwa njiani kwenda Musompo, na mzigo. Injini ilitoa mlio mmoja mkali, ikazima. Alipopiga kiki, mguu ulishuka bila kukuta chochote. Kiki imekuwa nyepesi kama pedali ya baiskeli iliyokatika mnyororo. Aliisukuma kwa saa mbili na nusu. Mchimbaji aliyekuwa naye alisimamisha pikipiki nyingine, akahamisha magunia yake, na hakulipa.

Muzee aliifungua kesho yake asubuhi. Nilikuwepo, na daftari lilikuwa mfukoni, sikulitoa. Alifungua kilase akakigeuza juani. Valvu moja ilikuwa imepinda. Juu ya pistoni palikuwa na alama mpya, ya kung'aa, mfano wa mwezi mwandamo, pale ilipogongana na valvu. Mnyororo ulikuwa umeruka meno; zamu ilikosewa mara moja tu, na mara hiyo ilitosha. Alipotoa kichujio cha mafuta chini ya injini, kilikuwa kimejaa vipande vyeusi vya mpira wa reli. Mwisho akafungua tandere yenyewe. Ilikuwa ndogo kuliko kidole changu. Akaniwekea kiganjani.

"Sukuma," akaniambia.

Nikakisukuma kijiti kwa kidole gumba. Kikarudi ndani bila kupinga.

"Ya mupya, hata ungekuwa na nguvu gani, hairudie nyuma," akasema. Kisha akamgeukia yaya. "Haikulia?"

"Sikusikia, Muzee," yaya akajibu.

Ningeweza kunyamaza. Nilitoa simu. Chini ya mwembe, mbele ya vijana wawili wa gereji na mama mmoja muuza maandazi, nikacheza rekodi yangu ya sekunde 23. Muzee alisikiliza mpaka mwisho. Hakuniuliza ni sauti gani. Aliuliza ni ya siku gani, nikamwambia.

Alirudi kwenye beseni lake, akaosha mikono kwa petroli, akaipangusa kwa tambara. Ndipo akasema, bila ukali wowote:

"Mama, unaandika mingi, unasikia kiloko."

Kiloko ni kidogo. Hilo sikuliandika. Sijapata haja ya kuliandika.

Tandere mpya ingegharimu dola saba. Pamoja na mnyororo, reli, valvu, pistoni, gaskiti na kazi ya fundi, hesabu ilifika dola 130, na Muzee alikuwa amekwisha kujipunguzia. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nilikuwa nimeupima ufa, nikaupiga picha na kuuwekea namba.

Nyumbani kulikuwa na pesa, katika bahasha ndani ya sanduku la mama: ada yangu. Nilimwambia yaya aichukue. Nilimwambia naweza kuahirisha mwaka. Alisikiliza, akatikisa kichwa. "Franka ya masomo hatutaigusa," akasema. Jumatatu iliyofuata aliondoka alfajiri kwa miguu, na tochi ya kichwani, pamoja na jirani yetu mmoja. Alikwenda kuchimba.

Sitaeleza mashimo ya wachimbaji kwa wasomaji wasioyajua; aliyezaliwa Kolwezi anayajua, na kila mtaa una jina la mtu aliyefukiwa. Nitasema tu kwamba yaya alikuwa ameyaacha miaka mitano kabla, na kwamba aliinunua pikipiki ile ili asirudi tena chini. Alirudi kwa wiki tano. Kwa wiki tano mama hakupika chakula cha jioni mpaka asikie lango. Na mimi, niliyekuwa nimekuja nyumbani kukusanya sauti, nilijifunza kukaa kitandani gizani nikisikiliza moja tu. Nyayo za yaya zikifika ni tofauti na za jirani. Anaburuta kidogo mguu wa kulia. Nilikuwa nimeishi naye miaka 24 bila kulijua hilo.

Alirudi salama. Wengine hurudi, na yeye alirudi. Muzee aliifunga injini mwishoni mwa Agosti.

Katika wiki hizo tano niliendelea kwenda gereji, kwa sababu sikujua pengine pa kwenda. Sikuwa na maswali mengi. Nilishika tochi, niliosha vipuri, nilitumwa kununua karanga. Taratibu nikagundua kosa lililokuwa kwenye ukurasa wa 41, na si kosa la tabia yangu peke yake. Ni la kitaaluma pia, na ndilo nataka walimu na wenzangu walifikirie pamoja nami.

Nilipoandika sentensi ya Muzee, neno inalia nililitolea maana ya "inatoa sauti". Kamusi inaniunga mkono. Katika Kiswahili ngoma hulia, kengele hulia, simu hulia, bunduki hulia. Lakini mtoto pia hulia, na hapo hakuna anayetafsiri "mtoto anatoa sauti". Mtoto akilia mtu huinuka. Lugha yetu ina kitenzi kimoja kwa mambo hayo mawili, na mimi kwa haraka ya usomi nikachagua maana isiyonidai kitu. Muzee alipokuwa akisema injini inalia alikuwa anatumia maana zote mbili kwa pamoja. Kwake mtu aliyeisikia injini ikilia akabaki ameketi hajaisikia.

Vivyo hivyo ka-ka-ka. Niliiweka katika jedwali la tanakali sauti, pamoja na chubwi na twa na pu tulizozisoma shuleni kama mapambo ya usimulizi. Gereji ya Muzee haina mapambo. Ka-ka-ka ni istilahi kamili: inataja kipuri, hali yake, saa ya kukisikia na muda uliobaki. Tandere ni jina la kitu dukani. Kikaza mnyororo ni jina la kitu katika kamusi ambayo huenda itaandikwa. Lakini kati ya majina hayo matatu, lile tunalolipa heshima ndogo kuliko yote katika masomo yetu ndilo peke yake lingeweza kuiokoa injini.

Sisemi tuache kuunda istilahi. Bado naamini kikaza mnyororo ni neno zuri, na siku wanafunzi wa ufundi wa Kolwezi na wa Morogoro watakaposoma kitabu kimoja watalihitaji, au watahitaji bora zaidi. Ninachosema ni kwamba orodha yangu ilikuwa na safu nne: neno, asili, ngeli, maana. Sasa ina sita. Ya tano inasema kitu hicho kinasikikaje kikiwa kizima na kikiwa kinakufa. Ya sita inasema ukisikia ufanye nini. Msimamizi wangu aliniuliza kama safu ya sita ni isimu. Nilimjibu kwamba kwa Muzee ndiyo maana ya neno, na sijui nyingine ya kuiandika. Alinyamaza kidogo, akaniruhusu niiache.

Nimerudi Lubumbashi tangu Septemba, ada ikiwa imelipwa yote. Saa kumi na mbili kasoro robo kila asubuhi simu yangu huita. Yaya hasalimii kwanza. Anawasha pikipiki, anaweka simu karibu na silinda, upande wa kushoto, na ananyamaza, kama alivyonyamaza siku ile ili asiniharibie kazi. Wenzangu wa chumba cha bweni wamezoea. Wanajifunika blanketi na kulala tena. Mimi nakaa kitandani na kusikiliza injini baridi mpaka ipate joto. Sirekodi.

"Unasikia?" anauliza.

"Nasikia, yaya. Iko muzuri. Enda."